Maneno ya Kiingereza yanayotaja jamii za asili: jinsi ya kuchagua lililo sahihi

Fungua kamusi ya Kiingereza na Kiswahili utafute "native", kisha "indigenous", kisha "aboriginal". Majibu yatafanana: mwenyeji, mzawa, -a asili. Msomaji wa riwaya atatosheka. Mwandishi wa habari anayefuatilia kesi ya ardhi Kanada, mfasiri aliyetupiwa ripoti ya haki za binadamu, au mama wa Kiswahili aliyehamia Melbourne na anajaza fomu ya shule ya mtoto, hatatosheka. Maneno hayo hayabadilishani. Kila moja lina nchi yake, sheria yake na ugomvi wake, na ukilihamisha ovyo unaweza kumtukana mtu uliyetaka kumheshimu, au kumtia kwenye kundi ambalo kisheria si lake.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio. Mbili za mwanzo zitakuepusha na makosa mengi kuliko zote zinazofuata.

Hatua ya 1: Uliza ni nchi gani

Kabla hujauliza neno lina maana gani, uliza limeandikwa wapi. "Aboriginal" ni neno la kila siku Australia. Kanada limo kwenye katiba ingawa midomoni mwa watu limefifia. Marekani ni nadra kulisikia. "First Nations" likiwa Kanada halimgusi Muinuit hata kidogo, lakini likiwa Australia humkusanya kila mtu wa asili wa nchi hiyo. "Indian" ni neno la sheria Marekani na Kanada, na ukilitamka Australia watu watadhani unamzungumzia mhamiaji kutoka Delhi.

Kwa hiyo usijitengenezee orodha moja ya tafsiri utakayoitumia kila mahali. Andika jina la nchi juu ya karatasi, halafu endelea.

Hatua ya 2: Tafuta jina ambalo watu wenyewe wanajiita

Neno la jumla liwe kimbilio la mwisho. Kama habari ni ya Walakota, moja ya jamii za asili za Marekani, andika Lakota. Hakuna Mtanzania atakayefurahi kuona jambo la Wahaya peke yao likiripotiwa kuwa "Waafrika wamefanya hivi na hivi", na ndivyo anavyojisikia Mlakota anapoitwa "Native American" katika habari inayohusu kijiji chake.

Hapa kuna mtego. Majina mengi yaliyozoeleka kwenye Kiingereza yalitolewa na majirani au na wakoloni. "Sioux" lilipitia kwa Waojibwe na Wafaransa kabla ya kufika kwenye Kiingereza. Wenyewe ni Lakota, Dakota na Nakota. "Iroquois" ni Haudenosaunee. Wanavajo hujiita Diné, lakini serikali yao rasmi bado inaitwa Navajo Nation, hivyo utaandika Diné ukitaja watu na Navajo Nation ukitaja serikali. Njia rahisi ya kuhakikisha ni kutazama tovuti ya serikali au baraza la jamii husika na kuona wanavyojiandika, pamoja na alama zote za juu ya herufi. Usiziache hizo alama kwa uvivu. Kwao ni sehemu ya tahajia kama ng' ilivyo kwetu.

Na tusijione wasafi. "Wandorobo" limeandikwa kwenye vitabu vya Kiswahili miaka nenda miaka rudi, na chanzo chake ni neno la Kimaasai linalomaanisha watu wasio na ng'ombe, yaani mafukara. Wakoloni walilichukua wakalibandika kwa kila jamii ya wawindaji na warina asali waliyokutana nayo. Walioko msitu wa Mau ni Ogiek. Walioko kusini mwa Umasaini, upande wa Tanzania, ni Akie. Kule Lamu, watu ambao wengi wamezoea kuwaita Waboni wenyewe hujiita Aweer.

Hatua ya 3: Jifunze mgawanyo wa kila nchi

Hii ndiyo hatua ndefu, na Kanada ndiyo inayochanganya zaidi.

Katiba ya Kanada ya mwaka 1982, kifungu cha 35, inatambua makundi matatu: "Indian", Inuit na Métis. Yote matatu kwa pamoja katiba inayaita "aboriginal peoples", lakini lugha ya leo ni "Indigenous peoples". Mabadiliko hayo unaweza kuyafuatilia kwenye kibao cha mlango wa wizara inayoshughulikia jamii hizo: hadi 2011 ilijulikana kwa jina la "Indian", ikawa "Aboriginal", mwaka 2015 ikawa "Indigenous", na mwaka 2017 ikagawanywa kuwa wizara mbili. Sikukuu ya tarehe 21 Juni, iliyoanzishwa 1996 kama National Aboriginal Day, tangu 2017 inaitwa National Indigenous Peoples Day. Ukitafsiri waraka wa zamani, tazama mwaka wake kabla hujamlaumu mwandishi.

Kundi la kwanza kati ya matatu hayo siku hizi linaitwa "First Nations", Mataifa ya Kwanza. Ziko jumuiya zaidi ya 600 zenye jina hilo. Lakini neno "Indian" halijafutika, kwa sababu sheria iitwayo Indian Act, ya mwaka 1876, ingali hai. Sheria hiyo ndiyo inayoamua nani ameandikishwa kwenye daftari, na aliyeandikishwa huitwa "Status Indian". Hilo ni neno la kisheria lenye uzito mkubwa: kabla ya marekebisho ya 1985, mwanamke aliyeolewa na mwanamume asiye kwenye daftari alifutwa hadhi hiyo, huku mwanamume aliyeoa nje akibaki nayo na mkewe akiipata. Sandra Lovelace, mmoja wa wanawake waliofutwa hivyo, alilifikisha suala hilo kwenye Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, nayo mwaka 1981 ikaamua kuwa Kanada imekiuka haki yake. Ukikutana na "Status Indian" kwenye hati, usiligeuze kuwa "First Nations" kwa kudhani unaongeza adabu. Utakuwa umefuta maana yenyewe ya hati.

Inuit ni watu wa Aktiki. Kwa lugha yao neno hilo ni wingi na maana yake ni "watu", kwa hiyo "Inuit people" ni kurudia jambo moja mara mbili. Mtu mmoja ni Inuk. Kwa Kiswahili naandika Wainuit na Muinuit, na sijaona aliyelalamika.

Métis ndilo linaloharibiwa zaidi na wafasiri wetu. Kamusi ya Kifaransa itakwambia ni mtu wa damu mchanganyiko, na mkono utakimbilia "chotara". Usifanye hivyo. Kwanza chotara kwa wengi ni neno la kejeli. Pili, Métis wa Kanada ni taifa lenye historia yake, lililozaliwa kwenye biashara ya ngozi za wanyama baina ya wanawake wa Mataifa ya Kwanza na wanaume wa Ulaya, likawa na kitovu chake Red River, pale palipo Winnipeg leo, lugha yake, bendera yake, na kiongozi wake Louis Riel aliyenyongwa na serikali mwaka 1885. Mtoto wa leo wa baba Mkri (Cree, moja ya Mataifa ya Kwanza) na mama Mwitalia si Métis kwa sababu tu amechanganya damu. Mwaka 2003 Mahakama ya Juu ya Kanada, katika kesi ya Powley, iliweka vigezo: mtu ajitambulishe hivyo, awe na nasaba na jumuiya ya kihistoria ya Métis, na jumuiya hiyo imkubali. Acha neno kama lilivyo: Wamétis, au "watu wa Métis".

Ukivuka mpaka kuingia Marekani, mambo yanageuka. Huko "Indian" limejaa kwenye sheria na taasisi hata leo: Bureau of Indian Affairs ya tangu 1824, sheria ya Indian Child Welfare Act ya 1978, jumba la makumbusho la National Museum of the American Indian lililofunguliwa Washington mwaka 2004. Hata vyama vilivyoanzishwa na wenyewe vinalo: National Congress of American Indians ni ya 1944, na American Indian Movement ilizaliwa Minneapolis mwaka 1968 kwa mikono ya vijana wasioogopa mtu. "Native American" lilienea baadaye, kuanzia miaka ya 1960 na 1970, na wazee wengi hawakulipenda. Waliliona ni neno la vyuo vikuu na serikali. Vijana wengi leo husema "Native" tu, au "Indigenous". Mgeni asiye wa jamii hizo afanyeje? Atumie "Native American" au "American Indian" kwa jumla, na jina la taifa husika pale anapolijua. "Indian" peke yake awaachie wenyewe.

Kumbuka pia kwamba Marekani ina makundi mawili ambayo hayamo ndani ya "American Indian". "Alaska Native" inajumuisha Iñupiat, Yup'ik, Unangax̂, Tlingit na wengineo. "Native Hawaiian" ni mzao wa watu walioishi visiwa vile kabla ya Wazungu kufika. Na ukienda Hawaii, usimwite kila mkazi "Hawaiian" kama unavyomwita mkazi wa Texas "Texan"; kule neno hilo ni la ukoo, si la anuani.

Neno "tribe" Marekani ni la kisheria na halina tusi: serikali ya Washington inatambua "tribes" zaidi ya 570, kila moja ikiwa na uhusiano wa serikali kwa serikali. Navajo Nation ina bunge, mahakama na polisi wake, na eneo lake ni kubwa kuliko Rwanda na Burundi zikiwekwa pamoja. Kanada kinachofanana na hicho Indian Act inakiita "band", na Australia ni bora uepuke "tribe" kabisa.

Australia ina makundi mawili, na lazima yatajwe yote mawili: "Aboriginal and Torres Strait Islander peoples". Wa pili ni watu wa visiwa vilivyo kati ya Queensland na Papua New Guinea, wenye utamaduni wa bahari na lugha zao. Mfano mzuri ni Eddie Mabo, ambaye kesi yake ya 1992 ilibomoa dhana kwamba Australia ilikuwa ardhi isiyo na mwenyewe Waingereza walipofika. Magazeti ya nje humwita "Aboriginal". Mabo alikuwa mtu wa kisiwa cha Mer, Torres Strait Islander.

"Aborigine" ni neno lililochakaa, na kifupi chake cha herufi tatu za mwanzo ni tusi kamili. Kifupisho "ATSI" nacho hakipendwi. Andika jina zima hata kama linakula nafasi. Pia yapo majina ya kanda: Koori huko New South Wales na Victoria, Murri Queensland, Noongar kusini magharibi, Palawa Tasmania. Usimwite mtu wa Perth Koori. Na ukisikia mzee akiitwa "Uncle" au "Aunty" mbele ya jina lake, usidhani mwandishi ni mpwa wake. Ni heshima, kama sisi tunavyomwita shangazi mtu ambaye hatuna naye hata babu mmoja; kulifuta jina hilo kwenye tafsiri ni kumvua mzee kilemba.

Nyuzilandi haina taabu. Ni Māori, bila "s" ya wingi, na mstari juu ya herufi a. Kwa Kiswahili Wamaori.

Kaskazini mwa Ulaya ni Sámi, walioenea Norwe, Uswidi, Ufini na Urusi. "Lapp" limekataliwa na wenyewe.

Hatua ya 4: Angalia herufi mbili, I kubwa na s ya mwisho

"Indigenous" kwa herufi kubwa ni watu. Kwa herufi ndogo ni mimea, ng'ombe wa kienyeji na kadhalika. Shirika la habari la Associated Press lilianza kufuata mtindo huo mwaka 2020, na Kanada ulikuwa umeshatangulia. Matini ya zamani itakuwa na herufi ndogo. Ukinukuu, iache ilivyo.

Hiyo s ina historia ya ugomvi. "Indigenous people" ni watu kadhaa, kama vile kumi waliosimama kituoni. "Indigenous peoples" ni jamii, kila moja ikiwa umoja wake. Tofauti hiyo ni ya kisiasa, kwa kuwa mikataba ya kimataifa ya haki za binadamu ya 1966 inazipa "peoples" haki ya kujiamulia mambo yao. Serikali nyingi hazikutaka kuisikia. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 107 wa mwaka 1957 uliandika "populations". Mkataba namba 169 wa 1989 uliandika "peoples", lakini ukaweka kifungu kwamba neno hilo lisichukuliwe kuwa linaleta haki zinazoambatana nalo katika sheria ya kimataifa. Muongo wa Umoja wa Mataifa ulioanza 1995 uliitwa wa "People", bila s. Lakini Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu haki za jamii za asili, la tarehe 13 Septemba 2007, lina s tangu kichwani, na kifungu cha 3 kinataja kujiamulia waziwazi. Lilipigiwa kura 144 za ndiyo na 4 za hapana. Waliokataa ni Marekani, Kanada, Australia na Nyuzilandi, nchi zilezile ambazo msamiati wake unachukua sehemu kubwa ya mwongozo huu. Zote zilikuja kubadili msimamo baadaye. Kati ya nchi 11 zilizojizuia zilikuwamo Kenya na Burundi. Tanzania ilipiga kura ya ndiyo.

Kwa bahati Kiswahili kina njia safi ya kulimaliza hili: "people" liwe "watu wa asili", na "peoples" liwe "jamii za asili". Ukishika kanuni hiyo kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, msomaji wako hatapoteza kile ambacho wengine walikipigania kwa miaka.

Hatua ya 5: Kivumishi, si nomino

"An Aboriginal man", sawa. "An Aboriginal", hapana. "Indigenous peoples", sawa. "The Indigenous", hapana; na "natives" ndiyo mbaya kuliko zote.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kulielewa hilo la mwisho bila kufundishwa. Babu zetu waliandikishwa, wakalipishwa kodi na kuhukumiwa chini ya jina hilo. Kipande, kile kitambulisho cha lazima cha Mwafrika wa Kenya, kilitokana na Native Registration Ordinance ya 1915. Tanganyika ilikuwa na Native Authority Ordinance ya 1926. "A native" ilikuwa ngazi ya chini kabisa kwenye ofisi ya bwana D.C. Ndiyo maana naona ajabu kidogo ninapokutana na waandishi wetu wanaosema "the natives" wakizungumzia watu wa Amazon, bila hata kupepesa jicho.

Jambo jingine dogo: Kiingereza cha "Canada's Indigenous peoples" huwakera wengi kwa kuwa kinasikika kama watu ni mali ya Kanada. Andika "Indigenous peoples in Canada".

Hatua ya 6: Maneno ya kuacha, na namna ya kuyashika yanapokuwa kwenye nyaraka

"Eskimo", "Red Indian", "redskin", "squaw", "half-breed", "savage". Hayo usiyatumie kwa sauti yako mwenyewe. "Eskimo" bado lina watetezi wachache Alaska, kwa sababu Yup'ik si Inuit na neno moja lililowakusanya wote halijapatikana. Suluhisho si kuwaita Yup'ik Inuit. Ni kuwaita Yup'ik. Umoja wa watu wa Aktiki ulioanzishwa 1977 ulichagua Inuit kuwa jina lake, na tangu hapo Kanada na Greenland wamelizika lile la zamani.

Timu za michezo zilichelewa. Ile ya mpira wa Kimarekani ya Washington iliacha jina lake la "Redskins" mwaka 2020, ya Edmonton ikaacha "Eskimos" mwaka huohuo, na ya besiboli ya Cleveland ilianza msimu wa 2022 ikiwa na jina jipya, Guardians. Kuhusu "squaw", Deb Haaland wa Laguna Pueblo, mtu wa kwanza wa asili kuwa waziri katika baraza la mawaziri la Marekani, aliamuru Novemba 2021 litangazwe kuwa tusi, na mwaka uliofuata milima, mito na mabonde yapatayo 650 yalipewa majina mapya. Ukitumia ramani ya zamani, hakiki jina la mlima.

Lakini usifute historia. Jina la sheria, taasisi au kitabu liache lilivyo. Nukuu iache ilivyo, na ueleze kwa sentensi moja ikibidi. Kinachobadilika ni maneno unayoyasema wewe.

Hatua ya 7: Ukijaza fomu

Hii ni kwa walioko ughaibuni. Sensa ya Kanada na fomu nyingi za shule na hospitali huuliza kama mtu ni First Nations, Métis au Inuk. Australia huuliza kama una asili ya "Aboriginal or Torres Strait Islander". Marekani kuna kisanduku cha "American Indian or Alaska Native". Maswali haya hayahusu uasilia kwa jumla. Yanahusu watu wa asili wa nchi hizo. Kisanduku cha Marekani kinafika hadi Amerika ya Kati na Kusini, lakini Afrika hakifiki. Mmaasai anayeishi Melbourne, hata kama jamii yake inatambuliwa kwenye vikao vya Umoja wa Mataifa huko Geneva kuwa ya asili, anajibu hapana. Kosa hili si dogo, kwa sababu visanduku hivyo huambatana na nafasi za masomo, huduma za afya na ajira zilizotengwa.

"Native speaker" halihusiani na haya. Wewe ni "native speaker" wa Kiswahili na utabaki kuwa hivyo.

Hatua ya 8: Ukileta kwenye Kiswahili

"Wahindi Wekundu" tulilikuta kwenye vitabu vya shule. Lina makosa mawili kwa mkupuo: si Wahindi, na wekundu ni tusi lililotafsiriwa. Liache. Andika Wamarekani wa asili, au jina la taifa lao. Vilevile usitafsiri Bureau of Indian Affairs kuwa "Idara ya Mambo ya Wahindi". Msomaji wa Upanga au Parklands atashtuka. Acha jina la Kiingereza, ongeza kwamba ni idara ya serikali ya Marekani inayoshughulika na jamii za asili.

"Wenyeji" linafaa ukiwa makini. Tatizo ni kwamba mwenyeji ni pia mkazi wa mahali na ni yule aliyepokea mgeni. Kichwa cha habari "Wenyeji wa Kanada wadai ardhi" kitamfanya msomaji adhani ni Wakanada wote, na mpenzi wa soka atangoja matokeo.

"Wazawa" ni gumu zaidi, hasa Tanzania. Mjadala wa uzawa wa miaka ya 1990, wakati mashirika ya umma yakibinafsishwa, ulihusu nani ashike uchumi: Watanzania weusi au raia wenye asili ya Asia. Ukiandika "haki za wazawa" katika habari ya Wahadzabe, wengi watasoma siasa nyingine kabisa.

Mimi nashika "jamii za asili". Ndilo pia linalotumika mara nyingi kwenye taarifa za Umoja wa Mataifa kwa Kiswahili, pamoja na "watu wa asili". "Tribe" liwe "kabila", ambalo kwetu halina kejeli inayolifuata neno hilo kwa Kiingereza. "Nation" liwe "taifa", lakini mara ya kwanza ongeza maelezo, maana msomaji wako ataona bendera na pasipoti.

Hatua ya 9: Habari ikiwa ni ya kwetu

Serikali nyingi za Afrika husema Waafrika wote ni wa asili, na kwa maana ya kamusi ni kweli. Lakini Moringe ole Parkipuny, aliyekuwa mbunge wa Ngorongoro, alipopanda jukwaani Geneva mwaka 1989 mbele ya kikundi kazi cha Umoja wa Mataifa, hakuwa anabishana na kamusi. Alikuwa anasema kwamba wafugaji na wawindaji wa Afrika Mashariki wanasukumwa nje ya ardhi zao kwa namna inayofanana na iliyowapata watu wa Amerika na Australia. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilifuata mkondo huo: kwa Afrika, "indigenous" halimaanishi nani alifika kwanza. Linatazama jamii ambayo maisha yake yanategemea ardhi fulani, imebaguliwa kwa sababu ya namna inavyoishi, na inajitambua yenyewe hivyo.

Kwa hiyo ukiandika, taja chanzo cha neno. Katika kesi ya Waendorois na ziwa Bogoria, ni Tume hiyo iliyowatambua, uamuzi ukitangazwa 2010. Katika kesi ya Ogiek, ni Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha, tarehe 26 Mei 2017, na serikali ya Kenya ilibisha hoja hiyo hadi mwisho. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 260, inalo neno "indigenous", lakini ndani ya tafsiri ya jamii zilizowekwa pembeni na kwa wale wanaoishi kwa kuwinda na kukusanya. Tanzania haina sheria inayotenga jamii yoyote kwa jina hilo. Ripoti ikisema Wamaasai au Wahadzabe ni "indigenous", eleza nani kasema: mashirika yao, Tume, au mwandishi mwenyewe.

Kwa Batwa, mpaka hubadilisha kila kitu. Katiba ya Burundi ya 2005 iliwataja kwa jina na kuwatengea viti vitatu katika Bunge na vitatu katika Seneti. Rwanda, baada ya 1994, serikali haiwagawi raia wake kwa makabila, na lugha rasmi huwataja kama waliosalia nyuma kutokana na historia. Ukiandika habari itakayosomwa Kigali, wanukuu wahusika wanavyojiita badala ya kuwabandika jina wewe. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipitisha sheria Julai 2022 inayotumia Kifaransa cha "peuples autochtones pygmées". Jina la sheria liache hivyo. Nje ya hapo sitaandika "mbilikimo", neno linalompima mtu kwa urefu wake: kwa watu wa msitu wa Ituri naandika Wambuti, na ukiwa Kivu muulize mwenyewe, maana huko Batwa na Bambuti yote mawili husikika.